Waya ya geti iliyokatika: kisa cha yoti ya mita 10 na waya zake za pembeni

Kisa chenyewe kiko hivi. Yoti ya faiba, yaani boti ya tanga, mlingoti mmoja, urefu mita 10 na kitu, umri umeshapita miaka 20, inaandaliwa kwa safari ndefu ya bahari kuu. Waya za pembeni, yaani zile zinazopita kwenye nguzo kuzunguka deki ili mtu asidondoke baharini, zilikuwa mbili kila upande, ya juu na ya chini, zote zimevalishwa plastiki nyeupe. Boti imefungwa gatini, maji yametulia, mgeni mmoja anashuka, akashika waya ya juu karibu na geti, pale pa kupandia na kushukia, kama kila mtu anavyofanya, ikakatika mkononi. Hata hakuivuta kwa nguvu. Akaangukia upande wa gati, akachubuka kiwiko, ikaishia hapo. Angekuwa ameegemea upande wa pili angeingia majini.

Mwenye boti akapiga simu, fundi, kuna waya moja imekatika, njoo na kipande kingine tuunge. Nikamwambia kaka hicho kipande usikitupe, na hizo zilizobaki usimruhusu mtu kuziegemea mpaka nifike. Maana waya ya pembeni ikikatika kwa mzigo mdogo hivyo, swali kubwa ni hizi nyingine zinangoja nini.

Tuanze na kile kipande. Ilikatika sentimita kama 3 kutoka kwenye kichwa, yaani kile kipande cha chuma kinachobanwa mwisho wa waya ili ipate pa kufungiwa. Kwa nje plastiki ilikuwa safi kabisa, nyeupe, hata mng'ao bado upo, dalili pekee ilikuwa kamstari ka kahawia pale plastiki inapokutana na kichwa, na hako ukipita na kitambaa kanafutika unasahau. Nikaichana kwa wembe kwa urefu, yakatoka maji. Sio unyevu jamani, maji, matone yenye rangi ya chai yakadondokea deki. Waya yenyewe ilikuwa ile ya nyuzi 49, mafungu 7 ya nyuzi 7, na ukiziangalia ncha za mkatiko kwa lenzi unaona nyingi zimeshakuwa nyeusi na kahawia, zilikatika zamani, chache tu ndo zilikuwa na mkato mpya unaong'aa. Kwa hiyo ile waya ilikuwa imeshikwa na nyuzi chache muda mrefu tu, watu wanaiegemea, wanapiga nayo picha, hakuna anayejua.

Hapa ndo wengi wanashangaa, stenlesi inaotaje kutu? Stenlesi haioti kutu kirahisi kwa sababu ya utando mwembamba sana wa oksidi ya kromiamu unaokaa juu yake, na ule utando ukikwaruzwa unajijenga wenyewe, ila unahitaji oksijeni ili ujijenge. Sasa we chukua maji ya chumvi, yaingize chini ya plastiki kupitia ufa mdogo au pale mdomoni kwenye kichwa, yakae hapo bila hewa miezi na miaka. Utando unakufa, chumvi inachimba vishimo, na vishimo vinaenda ndani badala ya kutambaa juu. Plastiki iliyowekwa ili waya iwe laini mkononi ndiyo inayoficha ugonjwa na ndiyo inayoulisha. Na hii haiji sawasawa urefu wote. Nilichana plastiki sehemu kadhaa kwenye waya zilizobaki, katikati ya nguzo na nguzo waya ilikuwa inang'aa kama imetoka dukani jana, halafu kwenye vichwa na pale inapopita kwenye matundu ya nguzo, ambapo plastiki imesuguliwa ikapasuka, ndo unakuta unga wa kahawia. Ndo maana mtu anaikagua kwa kutembea nayo mkono deki nzima na anakwambia iko poa.

Kuna jamaa pale alikuja na sumaku kupima kama waya ni stenlesi ya kweli. Achaneni na hiyo. Stenlesi ya aina ya 304, na hata 316 kwa kiasi, ikishavutwa baridi kuwa waya inaweza kushika sumaku kidogo na bado ikawa halali kabisa, kwa hiyo sumaku hapo haikwambii chochote cha maana.

Basi kipande kimoja kikageuka kazi nzima, na mwenye boti hakufurahi, naelewa. Ila kabla hata ya kuongelea waya mpya nikamwomba tukague kule zinakofungiwa, na hapo kisa kikanoga.

Cha kwanza tenshena, ile ya kuzungusha kukaza waya. Moja ya upande wa kulia ilikuwa imefunguliwa karibu yote, ukichungulia ndani ya mwili wake unaona skrubu ya upande mmoja imeshika kwa thredi, ile mifereji ya skrubu, mbili tatu tu. Sababu ikaonekana haraka, waya ya hapo iliwahi kubadilishwa na aliyebadilisha akaikata fupi, ikabidi tenshena ivutwe mpaka mwisho ili ifike. Ukiitazama kwa nje imekaza vizuri, ukiigonga inalia, kumbe inategemea thredi tatu. Kwa kweli ile ilikuwa hatari kuliko hata waya iliyokatika.

Cha pili nguzo ya geti. Geti ni pale waya inapokatizwa ili watu wapande na kushuka, inafungwa kwa ndoano yenye kifungo cha springi. Geti likiwa limefungwa nguzo zake zinavutwa pande zote mbili zinatulia, likifunguliwa zinavutwa upande mmoja tu, na ndo maana nguzo za geti zinatakiwa ziwe na mguu wa pili wa mshazari wa kuzihimili. Hii boti mguu ilikuwa nao, lakini kitako cha huo mguu kilikuwa kinacheza. Fungua geti, nguzo inainama kuelekea omo, yaani mbele ya boti, kama sentimita 2, funga, inarudi. Kila siku, kila mtu akipanda. Na pale inapoinama waya inakunjwa pale pale mdomoni mwa kichwa, sehemu ile ile iliyokatika. Kwa hiyo kutu ilikula na kukunjwa kukamalizia, zote mbili zilikuwa zinafanya kazi pamoja, na ukibadilisha waya bila kushughulikia kitako unaanza safari ile ile upya.

Cha tatu vitako vya nguzo za kawaida. Viwili vililegea. Watu wanadharau kitako kwa sababu kinaonekana kina bolti nene, ila fanya hesabu. Nguzo ina urefu wa sentimita 60. Bolti za kitako, ya ndani na ya nje, zimeachana sentimita 6. Mtu akiegemea juu kwa kilo 50 kwenda nje, bolti ya ndani inang'olewa kwa kilo 500, kwa sababu mkono wa nguzo ni mara 10 ya nafasi ya bolti. Sasa hiyo ni mtu kuegemea, fikiria mtu mzima anayerushwa na wimbi kutoka upande wa pili wa deki. Na deki yenyewe sio faiba tupu, ni tabaka mbili za faiba na mbao ya balsa katikati. Gundi ya kuzibia ikichoka maji yanapitia kwenye tundu la bolti, balsa inaoza, deki inalainika, bolti inalegea zaidi, maji yanaingia zaidi. Tulipotoa bolti za kitako kimoja balsa ilitoka nyeusi, inaminyika kwa vidole.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi ukajipanga wenyewe, vitako kwanza, nguzo pili, waya mwisho. Mwenye boti alitaka waya ziagizwe siku hiyo hiyo ili zitengenezwe huku deki inaendelea, na hoja yake ilikuwa na maana maana muda ulikuwa unabana. Lakini ukipima urefu wa waya wakati nguzo zimeinama unapata kipimo cha nguzo zilizoinama. Zikisimama wima baada ya kutengenezwa waya haitoshi au inazidi, na ndo hapo unapata tenshena ya thredi tatu. Na ukipima kwa kutumia waya ya zamani unarithi makosa ya aliyekutangulia, kama ile fupi ya kulia. Tukakubaliana kungoja.

Vitako sitachukua muda navyo sana, toa bolti, kwangua balsa mbovu kuzunguka tundu mpaka uone kavu, acha pakauke kabisa, jaza epoksi (gundi ngumu) iliyochanganywa na unga wake, ikishakauka toboa upya katikati ya ile epoksi ili hata gundi ikija kuchoka maji yasione mbao, weka bamba la chuma chini ya deki badala ya washa ndogo ndogo, gundi mpya, kaza. Kwenye nguzo zenyewe tulizungusha tupa na msasa kwenye matundu maana waya ya miaka mingi ilikuwa imechimba mfereji wenye ukingo mkali.

Sasa waya ipi. Mjadala ulikuwa mrefu na naona ndo sehemu watu wanakosea sana, kwa hiyo nielezee tulivyofikiria.

Kurudisha yenye plastiki tuliitoa mapema. Kanuni za usalama za mashindano ya bahari kuu za World Sailing, shirikisho la dunia la mchezo wa tanga, zinataka waya isiyovalishwa kitu, na hata kama hushindani, zile kanuni ni kipimo kizuri kwa sababu zimeandikwa baada ya watu kuumia. Kwa boti ya chini ya mita 8.5 wanataka waya isipungue milimita 3, kati ya mita 8.5 na 13 milimita 4, zaidi ya hapo milimita 5. Nguzo zisiachane zaidi ya mita 2.2, na kwa boti ya ukubwa huu waya ya juu isiwe chini ya milimita 600 kutoka deki. Yetu ilikuwa na milimita 600 kamili, hakuna cha ziada, nguzo ikiinama tu ushatoka nje ya kipimo.

Kamba ya Dyneema, ile ya nyuzi za plastiki zenye nguvu sana, ilikuwa na mvuto wake. Nyepesi, haioti kutu, ya milimita 5 inabeba zaidi ya tani 2, na unajisukia mwenyewe jicho la mwisho bila mashine. Ila haipendi kusuguliwa, haipendi jua la miaka, na ukiifunga kwa fundo badala ya kuisuka unapoteza nusu ya nguvu yake au zaidi. Matundu ya nguzo hizi yalishachimbwa na waya, na hata baada ya msasa nilikuwa siyaamini kwa kamba. Pia hii boti tanga la mbele linalala juu ya waya kila linapolegezwa, msuguano ni wa kila siku. Mtu mwenye nguzo mpya zenye matundu laini na anayekagua kila mara, Dyneema poa sana. Kwa hapa hapana, na pia kama unashindana soma kwanza kanuni za shindano lako ujue kama inaruhusiwa kwa boti ya aina yako.

Tukabaki na waya tupu ya stenlesi 316, na swali likawa ile ya nyuzi 49 au ile ya nyuzi 19 nene. Ya nyuzi 19 ina chuma kingi zaidi kwa unene ule ule, haivutiki sana, na uso wake ni laini zaidi mkononi, hasara ni kwamba ni ngumu na haipendi kona kali. Hapa hakuna kona kali. Tukachukua nyuzi 19, milimita 5, juu na chini. Milimita 4 ingetosha kwa kanuni na inabeba zaidi ya tani moja, lakini waya nyembamba tupu inakata kiganja mtu akiishika kwa kasi, na kuwa na saizi moja boti nzima maana yake vipuri ni vya aina moja.

Kuna mtego kwenye saizi nimeuona ukinasa watu. Wanapima ile waya ya zamani pamoja na plastiki yake, wanapata 7 au 8, wanaagiza vichwa vya saizi hiyo. Kipimo ni cha chuma cha ndani, chana plastiki upime kwa kaliba, kile kifaa cha kupimia unene.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Ukipeleka waya karakana wakakubania vichwa pande zote mbili kwa presi, inarudi nzuri inang'aa, unafika botini, kichwa hakipiti kwenye tundu la nguzo. Kwa hiyo mwisho mmoja unabanwa na presi karakana, mwisho wa pili unabaki wazi, unapitisha waya nguzo zote, ndo unafunga kichwa cha koni pale pale botini kwa spana mbili. Hicho cha koni ni ghali kuliko cha kubanwa lakini kinafunguka, unaweza kukikagua, na ukikosea kipimo unakata kidogo unarudia.

Tulipima nguzo zikiwa zimesimama wima na gundi imeshakauka, kutoka pini hadi pini, tenshena ikiwa imefunguliwa kiasi ambacho thredi zote mbili zinaonekana vizuri ndani ya mwili wake na bado ina nafasi kubwa ya kukaza, maana waya mpya inalegea kidogo ikianza kubeba. Kila kipande kikapewa lebo ya masking tepu, kulia juu omo, kulia chini omo, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kukata tulikatia gatini, sio juu ya deki, kwa sababu vumbi la chuma kutoka kwenye grainda likitua kwenye faiba nyeupe asubuhi unaamka na madoadoa ya kutu elfu. Zungusha tepu kwanza, kata katikati ya tepu, nyuzi hazifumuki.

Kichwa cha koni kinataka utulivu. Unavalisha waya ule mwili wa kichwa kwanza, ukisahau utafungua kila kitu tena. Halafu unafumua nyuzi 12 za nje, unabaki na kiini cha nyuzi 7, koni inavalishwa kwenye kiini, kiini kinachomoza kama milimita moja na nusu hadi mbili juu ya koni. Kisha nyuzi za nje unazirudisha kuzunguka koni kwa nafasi sawa, na uangalie hakuna uzi uliozama kwenye ule mwanya wa koni, hii ndo inayoharibu vichwa vingi. Unakaza, halafu unafungua tena. Ndiyo, unafungua. Ukiona nyuzi zote 12 zimelala sawasawa na ncha zimejikunja kuelekea ndani, jaza gundi ya kuzibia ili maji yasikae humo, kaza mara ya mwisho. Kimoja tulikuta nyuzi mbili zimepandana, tukatupa ile koni tukaweka mpya, koni ni ya kutumika mara moja. Na thredi za stenlesi kwa stenlesi usizikaze kavu, zinashikana zinakwama moja kwa moja, weka grisi.

Upande wa tezi, yaani nyuma ya boti, hatukuweka tenshena. Waya inaishia karibu na fremu ya mabomba ya nyuma na nafasi iliyobaki inafungwa kwa kamba nyembamba ya Dyneema inayopita mara kadhaa. Kanuni zinaruhusu mradi nafasi isizidi milimita 100 na kamba ibadilishwe kila mwaka. Faida yake, mtu akiwa majini na hamuwezi kumpandisha juu ya waya, unakata kamba kwa kisu waya zote zinashuka deki. Mwenye boti alisita, akaona kamba dhidi ya chuma haifanani, nikamwonyesha inavyobeba akakubali, ila akasisitiza kisu kikae kwenye mfuko karibu na usukani, na hilo lilikuwa wazo zuri.

Ndoano za geti zote mbili zilibadilishwa, springi ya zamani ilikuwa inajifungua ukiigusa kwa goti. Spliti pini zote zikafunguliwa kidogo tu, sio kukunjwa mpaka nyuma, zikazungushiwa tepu zisichane tanga wala ngozi ya mtu.

Kukaza tulipima, hatukukisia. Kanuni inasema ukiweka nguvu ya nyutoni 50, kama kilo 5, katikati ya nafasi ndefu kuliko zote nyuma ya mlingoti, waya ya juu isishuke zaidi ya milimita 50, na ya chini isizidi 120. Dumu la lita 5 limejaa maji, kamba, rula. Kulia ilishuka milimita 31, kushoto 34, ya chini iko mbali na kikomo. Jamaa alitaka kuendelea kukaza mpaka ilie kama gitaa, nikamzuia, kwa sababu waya iliyokazwa kupita kiasi inavuta nguzo za mwisho na fremu muda wote hata boti ikiwa imelala.

Na hapo ndo likatoka jingine. Tulipokuwa tunakaza kushoto nilikuwa nimeweka mkono kwenye fremu ya omo, ile ya mabomba ya mbele kabisa, nikasikia mguu wake wa nyuma unatikisika kidogo sana. Kusafisha kwa kitambaa, lenzi, kuna ufa mwembamba kama unywele kwenye weldi ya chini, umezunguka karibu robo ya bomba, una doa la kahawia. Zile waya za zamani zilikuwa zimelegea kiasi kwamba ufa ulikuwa haupati mzigo wa kuonekana. Sasa waya ni nzima, vichwa vizima, vitako vizima, na zote zinaning'inia kwenye weldi iliyopasuka.

Tukalegeza waya za kushoto, fremu ikatolewa nzima ipelekwe kwa mtu wa weldi ya stenlesi anayetumia gesi ya agoni, na safari ikasogezwa. Mwenye boti aliuliza kama anaweza angalau kwenda na kurudi karibu na pwani huku anasubiri. Anaweza, mchana, hali ikiwa shwari, kila mtu amefungwa kwenye mikanda inayopita deki na sio kwenye waya, na mtu asipite mbele ya mlingoti upande wa kushoto. Fremu ikirudi tunapima urefu wa kushoto upya kabla ya kufunga, kwa sababu bomba likichomwa linaweza kuvutika kidogo, halafu dumu la maji linarudi kazini.